Siku Baba Mdogo Alipokabidhiwa Mount Gelai

Lambwe haina reli. Haijawahi kuwa nayo, na kwa jinsi vilima vya Gwasi vilivyoziba upande mmoja na ziwa upande mwingine, sioni mhandisi atakayejisumbua. Tunayo mbuga ya Ruma. Tunao korongo, wale swala wakubwa wenye masikio marefu ambao Kenya nzima huwaoni porini ila kwetu. Tunao mbung'o, na tunazo bodaboda zinazobeba abiria watatu na mbuzi mmoja ambaye hahesabiwi. Reli iliyo karibu iko Kisumu, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, nayo ilifika pale ziwani tarehe 20 Desemba 1901, ikaona maji, ikasimama. Sisi wa ng'ambo ya ghuba tukaambiwa tungoje meli.

Kwa hiyo ni ajabu kwamba mtu anayejua treni kuliko wote ninaowafahamu ni wa Lambwe. Mwaka 1968 Baba Mdogo alipanda meli pale gati la Homa Bay, mojawapo ya zile meli za ziwani zilizokuwa mali ya shirika la reli, akashuka Kisumu, akaingia treni daraja la tatu, na hakurudi kuishi nyumbani hadi alipostaafu. Miaka yake ya kwanza alikuwa msaidizi wa dereva, yule anayesimamia moto, kwenye injini kubwa za mvuke kati ya Mombasa na Nairobi. Baadaye zikaja za dizeli akawa dereva kamili, lakini cheo hicho hakitaji. Dizeli, kwa maoni yake, ni basi lililokosa adabu.

"Ukiwasha, inawaka," husema. "Sasa hapo kazi iko wapi?"

Dada yangu ni muuguzi Uingereza, katika mji mmoja wa mashariki ambao sitautaja kwa sababu bado anaishi huko na anataka kuendelea kuishi huko. Bintiye alipohitimu chuo kikuu, Baba Mdogo alialikwa kwenye mahafali, nami nikatumwa kumsindikiza na kubeba omena. Omena walifika salama, ingawa abiria wote wa ndege walijua kwamba wanasafiri.

Ukuta kwa ukuta na Dada anaishi mzee mmoja Mwingereza, mhasibu mstaafu, mtu wa sauti ya chini, ambaye bustanini kwake amejenga reli. Dada alipomdokezea kwamba mgeni wake aliwahi kufanya kazi kwenye injini za Garratt za Afrika Mashariki, yule mzee aliweka kikombe chini, akakikosa kisahani, na chai ikamwagikia paka. Kabla ya jioni tulikuwa tumekaribishwa kwake, na Jumamosi tungepelekwa kwenye maonyesho ya reli za bustani na treni ndogo.

Bustani yake ilikuwa na ukubwa wa ua wa kuanikia mahindi. Reli ilizunguka nyanya, ikapita chini ya waridi, ikavuka kidimbwi juu ya daraja la mbao, kisha ikaingia kwenye handaki lililochimbwa katika kichuguu cha mawe. Kulikuwa na stesheni ya kufika magotini, yenye saa, benchi, na abiria wa plastiki waliokuwa wakisubiri kwa utulivu ambao sijawahi kuuona stesheni yoyote. Baba Mdogo alisimama mikono nyuma kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwenyeji wetu alidhani ameguswa na treni. Mimi nilijua anatazama udongo.

"Mweusi hivi," aliniambia kwa Dholuo, midomo haichezi. "Na mvua wanapata mwaka mzima bila kuiomba. Halafu mtu anapanda reli."

Treni ikatoka stesheni, ikapiga mbinja, ikapita nyanya, ikaingia handakini. Haikutoka. Tukasubiri. Mwenyeji akapiga magoti, akatia mkono kwenye handaki hadi begani, akamtoa yule paka wa chai, ambaye alikuwa amelala njiani na hakuona sababu ya kupisha. Sote tulicheka isipokuwa mtu mmoja. Kwa mtu aliyefanya kazi njia ya Tsavo, mnyama relini ni ripoti: saa ngapi, kilomita ya ngapi, mnyama gani, wa nani. Alianza kazi akisimuliwa na waliomtangulia jinsi simba alivyoingia kwenye behewa pale Kima mwaka 1900, akamchukua Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe liko hadi leo katika makumbusho ya reli Nairobi. Baba Mdogo alitoa kijitabu mfukoni. Akauliza paka ni wa nani. Mwenyeji akasema ni wake.

"Basi hasara ni yake mwenyewe," Baba Mdogo akatamka, akaandika, akafunga kijitabu. Kesi ikaisha hapo.

Jumamosi nilimkuta sebuleni saa kumi na moja alfajiri, amevaa suti yake ya kijivu na kofia, viatu vimepigwa rangi hadi vinaonyesha dari. Miguuni pake kulikuwa na kikapu: mayai ya kuchemsha, chapati, chupa ya chai, chumvi kwenye karatasi, na blanketi la Dada limekunjwa. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa saa nne. Nikamweleza kwa upole kwamba treni tunazokwenda kuona hazipandwi.

"Treni isiyopandwa ni ya mizigo," alinijibu. "Na ya mizigo ina gadi. Gadi naye hula."

Kikapu kikaenda.

Ukumbi ulikuwa mkubwa wa kutosha mnada wa ng'ombe, na ndani yake mlikuwa na meza juu ya meza, reli juu ya reli, moshi mwembamba, harufu ya mafuta moto, na wazee. Sijawahi kuona wazee wengi hivyo mahali pamoja bila maiti. Ndevu nyeupe, miwani miwili kwa mtu mmoja, kofia za madereva, beji kifuani, na ovaroli za buluu zilizopigwa pasi. Baba Mdogo alimkaribia mmoja akaishika ovaroli yake kwenye kiwiko, akaisugua kwa vidole viwili jinsi mama anavyokagua kitenge sokoni Sindo.

"Huyu hajawahi kuwa karibu na injini," akaniambia.

Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa daktari wa meno.

Lakini kabla ya hayo yote, mlangoni, Baba Mdogo alikuwa amesimama ghafla. Meza zote zilikuwa zimezungushiwa vitambaa vinavyoning'inia hadi sakafuni, kimoja buluu, kimoja cheusi, kimoja buluu, kimoja cheusi. Mtu wa Mombasa angepita. Mtu wa Lambwe hapiti. Kwetu buluu na nyeusi vikining'inia pamoja ni mtego wa mbung'o; huchomekwa kando ya mbuga, inzi hupenda ile buluu na hutua kwenye nyeusi, na ukiona vitambaa hivyo unateremsha mikono ya shati, maana malale yamezika watu wetu wengi. Baba Mdogo aliteremsha mikono ya shati.

"Hata hapa wapo?"

"Ni mapambo, Baba."

"Mapambo," akarudia, na kwa saa nzima iliyofuata alikuwa akijipiga shingoni kila upepo ulipomgusa. Waingereza wawili waliokuwa karibu naye wakaanza kujipiga pia.

Sasa hesabu kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoleta mambo yote yaliyofuata. Treni za mezani ni za ukubwa mbalimbali. Zile ambazo wengi huziona kwenye picha zimepunguzwa mara 87, unaweza kuweka behewa kwenye kiganja. Za bustanini ni kubwa zaidi, kwa sababu lazima zistahimili mvua, majani na paka. Mwaka 1968, mwaka uleule ambao Baba Mdogo alivuka ziwa, kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, ilitoa treni zake za bustani ziitwazo LGB. Walichukua reli nyembamba za milimani, zile za upana wa mita moja, wakagawanya kwa 22.5, wakapata reli ya milimita 45 hivi. Nayo mita moja ndiyo upana wa reli yetu ya zamani, Mombasa hadi Kisumu. Maana yake ni kwamba Mjerumani, bila kukusudia, alitengeneza njia ambayo treni yetu inapita bila kurekebishwa kitu. Ukiwa na subira na mashine ya kukatia chuma, unaweza kuiweka Kenya nzima nyuma ya jikoni.

Wenye subira wapo. Kulikuwa na upande mzima wa ukumbi wa kuuza vifurushi vya kujiundia mwenyewe: magurudumu hapa, boila pale, mfuko wa skrubu ndogo kuliko mtama. Baba Mdogo alimwuliza muuzaji nini hutokea skrubu moja ikipotea. Muuzaji akasema ndipo mtu hujua kama mkewe anampenda. Mimi nikakumbuka William Mackinnon, meli ya kwanza ya mvuke upande wetu wa ziwa, ambayo nayo ilikuja kwa vifurushi: iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, vipande vikaendelea bara na sehemu kubwa ya njia vilibebwa na wapagazi, na ikateremshwa majini Kisumu mwaka 1900 baada ya miaka ya kungoja. Aliyeunganisha meli ile hakuwa na muuzaji wa kumwuliza. Nawaheshimu sana watu waliobeba nusu ya boila kupitia Taru bila kuambiwa nusu nyingine iko kwa nani.

Nilikuwa nikiwaza hayo, nimeinama juu ya meza moja kutazama kijiji cha Uswisi, treni iliponichukua. Ilikuwa baridi siku ile na nilikuwa nimeazimwa skafu ya Dada, ya sufu, ya kijani, ndefu. Ncha yake iliteremka ikagusa reli, ndoano ya behewa la mwisho ikaikamata, na treni haikusimama. Ni kitu kidogo, treni hizo, lakini zikishika mwendo zina msimamo. Kuvuta ni kuangusha mabehewa ya watu, ambayo bei zake nilikuwa nimeshaziona. Kuiacha skafu ni kurudi kwa Dada bila skafu. Kwa hiyo nikatembea. Nilizunguka meza nikiwa nimeinama, shingo mbele, mwendo wa treni, nikapita Uswisi, nikapita ng'ombe, nikapita kanisa, watu wakinipisha kwa adabu. Mama mmoja alimwambia mtoto wake atazame. Nilipomaliza mzunguko wa kwanza watu kadhaa walikuwa wamenipiga picha, na mzee mmoja aliniuliza kama onyesho langu lina saa maalumu. Mwenye treni aliporudi na chai yake alinikuta naingia stesheni. Akasimamisha, akanifungua kwa koleo ndogo, akasema asante. Skafu ilikuwa imepata tundu la kupitisha ngumi.

Mpwa wangu, mtoto wa mwisho wa Dada, ndiye aliyekuja kuniita. "Mjomba, njoo. Babu amevua kofia."

Nikakimbia. Baba Mdogo namjua. Kofia huivua msibani tu.

Meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa nyuma, ilikuwa na reli ndefu iliyopita kwenye nyika ya kutengenezwa: udongo mwekundu, mibuyu, kichuguu, tembo wawili wa plastiki. Na juu ya reli hiyo, ikiwa imesimama inatoa mvuke, rangi ya maruni, herufi EAR ubavuni, ilikuwa injini ya namba 5918. Kibao cha shaba kilisema *Mount Gelai*.

Kwa asiyejua: Garratt za aina hiyo zilikuwa injini za mvuke kubwa kuliko zote zilizowahi kupita reli ya mita moja popote duniani. Beyer, Peacock wa Manchester waliziunda 34 kati ya 1955 na 1956, kila moja zaidi ya tani 250, karibu mita 32 kutoka pua hadi mkia, na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Garratt, mvumbuzi, alitundika boila katikati, mbele yake akaweka seti moja ya magurudumu na nyuma seti nyingine, kila seti na mitambo yake, mithili ya wachukuzi wawili wa machela na mgonjwa katikati. Wa mbele akikata kona, wa nyuma bado yuko njia nyoofu, na mgonjwa hadondoki. Mount Gelai mwenyewe yupo Nairobi, kwenye makumbusho, pamoja na mwenzake, Mount Shengena. Baba Mdogo amewahi kulalamika kwamba katika injini zote 34 hakuna aliyekumbuka Gwasi, mlima wenye maji na msitu, ilhali Gelai ni kilima kikavu cha kule Natron. Siku ile hakulalamika. Ukigawanya kwa 22.5 unapata injini ya karibu mita moja na nusu, na aliizunguka yote, polepole, kushoto kwanza, jinsi walivyofundishwa kukagua kabla ya safari. Aliinama akatazama chini. Aligusa tangi la maji. Alinusa.

"Hii ni gesi ya kupikia," akasema.

Mwenye injini, mwalimu mstaafu wa hesabu ambaye hajawahi kufika Afrika, alikiri kwamba ni gesi. Alikuwa ameijenga mwenyewe kwa miaka mingi, kwa picha na michoro. Jirani wa Dada akamnong'oneza mgeni ni nani. Mwalimu akawa mwekundu hadi masikioni, akaufungua mlango wa chumba cha dereva kwa ukucha, akamwonyesha Baba Mdogo kilichomo.

Ndani walikuwamo watu wawili wa plastiki. Mmoja mzungu, ameegemea dirisha. Mwingine mweusi, kifua wazi, ameinama, ameshika sepetu.

Baba Mdogo alivaa miwani. Alitazama muda ambao niliona mrefu kupita kiasi.

"Huyu ni nani?"

"Ni... wewe, bwana," mwalimu akasema.

"Anachota nini?"

Pakawa kimya.

"Makaa?" mwalimu akajaribu.

"Injini hii haikula makaa hata siku moja. Ilikula mafuta mazito. Mimi nilikuwa na vali, nilikuwa na geji, nilikuwa na kiti. Nilikuwa nimekaa." Akasogea karibu zaidi. "Na shati langu liko wapi?"

Sijaona Mwingereza akiomba radhi namna ile, na Waingereza huomba radhi hata wakikanyagwa. Alitafuta kisu cha kukunja mfukoni, akamtoa yule mtu mdogo kwa kibano, akamkata sepetu mbele ya mashahidi. Daktari wa meno akaja na kikopo cha rangi ya kaki na brashi ya nywele tatu, akamvalisha shati. Kuketi ndiko kulikokuwa kazi, maana magoti ya plastiki hayakunjiki. Mwishowe waliafikiana alazwe chali kwenye kona, na Baba Mdogo akakubali kwamba kuna siku alipita Sultan Hamud katika hali hiyohiyo. Yule mzungu wa dirishani naye alihojiwa. Baba Mdogo alisema dereva wake alikuwa Mluhya wa Butere. Brashi ikarudi.

Baada ya hapo, mwalimu akampa rimoti.

Mtu mwingine angebonyeza. Baba Mdogo aliuliza cheti cha kuonyesha njia iko wazi kiko wapi. Hakikuwapo. Ikabidi mwalimu achane karatasi, aandike, atie sahihi, aweke saa. Akauliza gadi. Mpwa wangu akateuliwa gadi. Akauliza bendera ya kijani, na hapo watu wote wakanitazama mimi shingoni. Skafu ya Dada ikapata kazi ya pili siku ile, tundu lake likipepea. Filimbi ikapigwa. Mount Gelai ikatetemeka, ikatoa mvuke pembeni, ikaondoka, na lazima niseme kwamba iliondoka tofauti na zile nyingine zote zilizokuwa zikirukaruka kutwa. Iliondoka na uzito. Mwalimu alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Shida ni kwamba meza ile iliungana na meza nyingine, na njia moja ilitumiwa na treni za watu kadhaa kwa zamu. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani, imefuatwa kwa dakika tangu asubuhi. Baba Mdogo hakuwa na habari na ukuta. Yeye alikuwa anatoka Mombasa. Kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, na mtu hapandi kilima cha Mazeras mbiombio. Akaenda pole. Alipofika kwenye kichuguu, ambacho kwake kilikuwa Voi, akasimama kuchukua maji. Nyuma yake ikasimama treni ya mawe ya Wales. Tsavo akapiga mbinja ndefu kwa ajili ya tembo wa plastiki, akangoja wapite, nao kwa kuwa ni wa plastiki walichelewa. Nyuma ikaongezeka treni ya Wajerumani na moja ya sukari kutoka visiwa ambavyo nimevisahau. Mkabala na kibanda cha chai alisimamisha tena, akaweka rimoti mezani, akafungua kikapu.

"Makindu," akatangaza. "Hapa watu wanakula."

Tukala. Nilimweleza mwalimu habari za hekalu la Kalasinga pale Makindu, ambako msafiri hupewa chakula bure bila kuulizwa dini, naye akaandika chini akasema atalijenga. Akapewa chapati. Daktari wa meno akapewa chapati. Foleni ya treni sasa ilikuwa imefika kijiji cha Uswisi, na mtu wa kipaza sauti alikuwa anaomba radhi kwa wageni kutokana na ucheleweshaji. Watu walianza kusogea upande wetu, si kwa hasira, walikuja kuona. Katika ukumbi uliojaa madereva, alikuwa amepatikana wa kweli, na ndani ya nusu saa hakuna treni iliyokuwa kwenye saa yake. Nilimsikia bibi mmoja akimwambia mumewe kwamba haya ndiyo maonyesho yenye uhalisia kuliko yote aliyowahi kuhudhuria.

Gesi iliishia karibu na Athi River. Baba Mdogo alijaza kijitabu: saa, mahali, sababu. Mwalimu aliomba ile karatasi, akaikunja vizuri akaiweka kwenye pochi, pale watu wengine huweka picha za wajukuu.

Nimejiuliza kwa nini mtu asiyewahi kuiona Voi atumie jioni za maisha yake kuunda injini iliyopita Voi, wakati sisi tuliokuwa nayo tuliiacha ishike kutu bila hata kuipungia. Nadhani ni kwa sababu hakuwahi kuisafisha. Baba Mdogo ana kovu la mvuke kutoka kiwiko hadi kifundo. Alipolionyesha, wale wazee walilitazama kwa wivu. Mapenzi ya kitu huwa mepesi zaidi kwa yule ambaye hakikumchoma.

Nje, uwanjani, kulikuwa na treni ya ukubwa wa tatu, ya kupandwa kwa kutanua miguu, watoto mbele na wazazi nyuma, magoti yanakaribia masikio. Baba Mdogo aliponiona nimeiona, alininyooshea kidole. Sikusema kitu. Alipanda, suti, kofia, kikapu na blanketi. Alimwuliza dereva hii ni daraja la ngapi. Tulipoondoka alimenya yai, akalitia chumvi, akampa yule mama asiyemjua aliyekaa mbele yake, kwa sababu katika treni huli peke yako ukimtazama mwenzako kisogo. Yule mama alilipokea, akaligeuza, akala. La pili alimpa dereva. Tukazunguka mti, tukapita kisima cha mapambo, tukapita maegesho ya magari, tukarudi, treni ikasimama. Wote wakashuka isipokuwa mmoja.

"Jaduong', tumefika," nikamwambia.

"Hapa ndipo tulipopandia."

"Ndiyo, Baba."

"Nimelipa nauli, nimekula mayai, halafu treni inanirudisha nilikotoka inaniambia nimefika?" Akamgeukia dereva. "Endelea hadi Kisumu."

Dereva, aliyekuwa bado anatafuna, akamzungusha tena bure.

Tuliporudi Lambwe wazee walikuja kusalimu, chini ya mwembe, kila mtu na kiti chake. Waliposikia kwamba Wazungu wanajenga reli nyuma ya nyumba zao, na kwamba treni inakwenda, inapiga mbinja, na inaweza kubeba hata kikapu, walinyamaza kwa muda wa mkutano mzito. Mmoja akauliza njia yake ina upana gani. Baba Mdogo akaonyesha kwa vidole. Mwingine akasema, kama hii kubwa serikali imeshindwa kutuletea tangu mwaka 1901, si watuletee hiyo ndogo, maana hata nafasi haihitaji. Ianzie Homa Bay, ipite Rodi Kopany, iteremke kwetu hadi Mbita. Hoja ikaungwa mkono. Baba Mdogo akaombwa aonyeshe itapita wapi, naye akanyoosha fimbo yake kuelekea magharibi, bila kukusudia shamba la mtu.

Kufikia Jumatatu, kwenye mstari ule ule wa fimbo, jirani yetu alikuwa ameshapanda miche ya mikaratusi, amesimamisha kibanda cha mabati na kuchimba nusu ya choo. Jioni alifika nyumbani, akakaa, akanywa uji, akauliza hali za watu wote hadi wa Uingereza. Kisha akauliza, kwa heshima zote, kama fidia ya treni ndogo hulipwa kamili, au nayo hugawanywa kwa 22.5.